Hufanya Nini, Anafanya Nini

Nilikubali kabla chai haijapoa. Kikombe kilikuwa bado kinatoa mvuke, mzee wa mtaa alikuwa hajamaliza hata kuniomba, na mimi nilikuwa nimeshatikisa kichwa kwamba sawa. Ningekataa, asingenifanya kitu. Labda angefunga darasa langu. Darasa lenyewe lilikuwa la watu wachache na ubao mmoja. Lingefungwa, watu wangerudi kwao, na mimi leo ningekuwa mzee mwenye mambo mengine ya kusimulia.

Tulikuwa kwenye kibanda cha chai huko Kayole, Jumapili, watu wakitoka makanisani. Mzee wa mtaa alikuwa mtu wa koti la suti hata jua likiwaka, na beji ya chama tawala haikumtoka kifuani. Kazi yake ilikuwa kumpelekea chifu habari za mtaa: nani amehamia, nani amefiwa, nani anapika pombe haramu ya chang'aa. Mwanzoni mwa miaka ya tisini habari alizotakiwa kupeleka zilikuwa zimebadilika. Watu walikuwa wanadai vyama vingi, na kikundi chochote kilichoketi pamoja bila leseni kilihesabiwa kuwa mkutano.

"Mwalimu," aliniambia, "hilo darasa lako la Kizungu lina leseni?"

"Ni darasa tu, mzee. Tuko kanisani."

"Mimi najua ni darasa. Lakini chifu akiniuliza, nimwambie nini?"

"Mwambie tunafundishana Kiingereza."

"Watu wazima? Wauza mitumba? Wanataka Kiingereza waende nacho wapi?" Alicheka, akaagiza mandazi, akanisogezea sahani. "Sikiza. Sitaki uniletee maneno mengi. Wewe ni mtu umesoma. Niambie tu watu wako hufanya nini, na sasa wanafanya nini. Basi. Darasa litaendelea, na hata hiyo leseni nitakutafutia."

Sijui kama alitambua kwamba alikuwa amelitaja somo langu la siku zile kama lilivyokuwa. Nilikula mandazi yake.

Mimi si mwalimu. Nilimaliza kidato cha nne kule magharibi, nikaja Nairobi kutafuta kazi, nikapata ya ukarani wa stoo katika kiwanda cha blanketi kule Industrial Area. Kiingereza changu kilikuwa cha shule, kilichoingia kwa kiboko, na hakikuharibika kwa sababu sikukitumia sana. Lakini katika ploti yetu, ua mmoja wa vyumba vya kupanga, hakukuwa na mwingine aliyefika kidato cha nne. Mtu akipata maandishi ya Kiingereza alikuja mlangoni kwangu. Baadaye wakaanza kuja wawili watatu wakitaka kujifunza, na mchungaji wa kanisa la mabati lililokuwa nyuma yetu akatuachia chumba Jumapili alasiri. Wakaanza kuniita ticha, na mke wangu wakamwita mama mwalimu. Nisidanganye, nililipenda jina hilo. Nusu ya sababu ya kukubali pale kibandani ni kwamba niliogopa kulipoteza.

Ubao ulitengenezwa na jirani yangu, seremala wa soko la Gikomba. Alikuwa mtu wa Murang'a, mpole, mrefu, mwenye mikono iliyokuwa na gundi siku zote. Mkewe na watoto walikaa shamba, yeye akiishi peke yake katika chumba cha mwisho, karibu na choo. Aliunganisha plaiwudi mbili, akaponda mkaa wa betri kuukuu za redio, akauchanganya na majani aliyoyasugua hadi yakatoa utomvu, akaupaka. Ubao ukawa mweusi kuliko ule wa shule niliyosomea. Nilipomuuliza nimlipe nini alisema, "Nifundishe, ticha. Mimi na wewe tutakuwa sawa." Yeye ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa kwanza asiye wa kwetu. Nilikuwa nikiazima bisibisi yake, naye akiazima pasi yetu.

Somo la wakati uliopo ndilo lililowasumbua wote. Kiswahili cha shuleni kina "hufanya" na "anafanya," lakini Kayole hakuna aliyesema "hufanya." Watu walisema "nafanyanga." Basi nikaligawa darasa kwa hiyo "nga" yao. Nilichora mstari katikati ya ubao, kushoto nikaandika kila siku, kulia nikaandika sasa hivi. Nikawaambia: mahali unapotia "nga," mimi nauzanga, Kiingereza kinataka kitenzi kikavu, I sell. Kama kazi bado iko mikononi, haijaisha, kinataka I am selling. Kila mtu alitakiwa kusimama na kutoa sentensi mbili juu ya maisha yake mwenyewe, moja ya kushoto na moja ya kulia.

Mama mmoja aliyeuza mitumba Gikomba ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama siku zote.

"I sell mitumba," alisema.

"Vizuri. Na sasa hivi?"

"Sasa hivi siuzi, ticha. Sasa hivi niko hapa nakuangalia."

"Basi sema I am looking at you."

"I am looking you."

"At you."

"Aaah! Kizungu nacho kinapenda vijineno vya bure."

Wakacheka. Nilicheka nao. Lakini hiyo ilikuwa kabla ya chai ya mzee wa mtaa. Baada ya siku ile niliendelea kufundisha somo lile lile Jumapili baada ya Jumapili, na wanafunzi wakadhani ni kwa sababu walikuwa hawajalishika. Nilikuwa nasikiliza. Mtu akisema I am building, nilijiuliza anajenga wapi. Askari wa usiku wa ghala moja, mzee wa Busia, alisema I am waiting for my friend, na nilirudi nyumbani nikimfikiria huyo rafiki. Mambo yale yale niliyoyajua juu ya majirani kwa miaka, yakisemwa kwa Kiingereza mbele ya ubao, yalianza kuwa na kivuli.

Mama mitumba aliliona kwanza. "Ticha, siku hizi unatuuliza kama karao wa kituo cha polisi," alisema. "Ungenunua kofia tu."

Watu wakaangua kicheko. Nikafuta ubao ili nisiwatazame.

Aliyenitia wasiwasi zaidi ni seremala. Kwa safu ya kushoto hakuwa na shida. "I make beds. I make tables. I make doors." Alisema vizuri, polepole, kama anayehesabu mbao. Nilipomvusha upande wa kulia, alikwama.

"Na sasa hivi, fundi?"

"Now I am sitting."

"Umesimama," mama mitumba akamwambia.

Akaketi. "Now I am sitting."

Nilisubiri kicheko kiishe. Nikawaeleza kwamba si lazima kitu kiwe mkononi dakika hii hii. Kama umeanza kazi na hujaimaliza, hata kama leo ni Jumapili na umevaa suti, bado Kiingereza kitasema I am making. "Kwa hiyo wiki hii, fundi. Unatengeneza nini wiki hii?"

"Hakuna, ticha."

"Uongo!" mama mitumba akadakia. "Na zile mbao nilizoona ukifunga kwa gunia? Huyu ana bibi wa pili. Anamtengenezea kitanda."

Kila mtu alicheka isipokuwa yeye. Alitazama mlango. Vumbi la randa lilikuwa kwenye nywele zake juu ya sikio, jeupe, la siku hiyo hiyo.

Kuanzia hapo nikaanza kuangalia chumba cha mwisho. Mlango ulifungwa kwa kufuli kutoka nje asubuhi alipoondoka kwenda Gikomba, lakini ndani redio iliimba mchana kutwa. Nani huacha redio ikiimba katika chumba kitupu? Umeme wa ploti ulizimwa na mwenye nyumba asubuhi, kwa hiyo ile ilikuwa redio ya betri, na betri si za kuchezea. Zilizochoka alizianika juu ya ukuta zipate jua zirudishe nguvu kidogo, safu ndefu, nyingi kuliko za mtu anayesikiliza habari tu. Jioni, alipokuwa ndani, sauti iliongezwa, na chini yake nilisikia kitu kama mkwaruzo, unaenda na kurudi. Mara mbili au tatu kwa wiki mkokoteni ulisimama langoni alfajiri, akashusha vitu virefu vilivyofungwa kwa gunia, akaviingiza mwenyewe bila kuomba mtu amsaidie. Na jua likizama walikuja wanaume wawili, wazee kidogo, wenye makofia. Walibisha kwa kucha, si kwa ngumi. Nikipita kwenda chooni, mazungumzo yalikatika.

Halafu kukawa na maswali yake. Darasa likiisha alibaki nyuma akinisaidia kuegemeza ubao ukutani.

"Ticha, mtu akiwa halalangi. Siku zote. Nasemaje?"

"He doesn't sleep."

"Kama ni mwanamke?"

"She doesn't sleep."

"Na kama sasa amelala?"

"She is sleeping."

Aliyarudia kwa midomo tu. She doesn't eat. She is eating. Alitaka kula, kulala, kunywa, kutapika, na alitaka kila kimoja kwa safu zote mbili. Katika Kiswahili angeweza kusema halali, hali, hanywi, na mimi nisingejua kama ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kilimlazimisha kuchagua, naye kila mara alichagua she.

"Ni nani huyo?" nilimuuliza.

"Ni mfano tu, ticha."

Mkewe alikuwa shamba. Nilirudi nyumbani nikimhesabu kila mwanamke wa ploti.

Haukupita muda nikaona ufunguo. Mke wangu, kama wanawake wengine pale, alifunga vitu vidogo kwenye ncha ya leso: sarafu, pini, dawa ya kichwa. Alikuwa ameitundika leso kwenye mlango akaenda kuteka maji, nami nikaisogeza nipate taulo. Ncha ilikuwa nzito. Nikaifungua. Ulikuwa ufunguo wa kufuli ndogo, wa manjano, nao haukuwa wetu. Nikaifunga tena ile ncha kama nilivyoikuta, kwa fundo lile lile.

Sikumuuliza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kama angesema uongo ningejua, na kama angesema kweli ningelazimika kuishi na hiyo kweli. Ilikuwa rahisi zaidi kukaa na shaka. Shaka niliweza kuitia mfukoni na kwenda nayo kazini. Nilianza kumtazama mke wangu kama nilivyowatazama wanafunzi. Akisema anaenda kwa jirani kuomba chumvi, nilitazama anaporudi kama ana chumvi. Binti yetu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza shule, aliniuliza kwa nini siku hizi siongei nikila.

Siku moja umeme ulikatika kiwandani wakaturudisha mchana. Nilipoingia langoni, mke wangu alikuwa anatoka katika chumba cha seremala. Alikuwa amebeba beseni lililofunikwa kwa kitambaa. Alifunga kufuli kwa ule ufunguo, akageuka, akaniona.

"Umerudi mapema, baba," alisema.

"Umeme umepotea. Unafanya nini huko?"

Alishika kitambaa cha beseni. "Nilimwazima beseni. Nimelichukua."

"Na ufunguo?"

"Aliniachia." Akapita, akaenda moja kwa moja nyuma ya choo, nikasikia anamwaga maji. Alipoingia ndani alinawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Nilimwangalia akinawa. Aliona namwangalia.

Jioni ile nilikwenda kwa mzee wa mtaa bila kuitwa. Nilimwambia kwamba seremala huleta vitu virefu alfajiri, vimefungwa kwa gunia. Kwamba wanaume huja kwake na kuzungumza chini chini. Kwamba huacha redio ili watu wasisikie, na kwamba nilipomuuliza darasani anatengeneza nini, alikataa kusema. Yote yalikuwa kweli. Sikumtaja mke wangu wala ufunguo. Nilimpelekea chifu jambo la siasa kwa sababu niliona aibu kulipeleka kwa yeyote kama jambo la nyumba yangu.

"Vitu virefu," mzee wa mtaa alirudia. "Kama bunduki?"

"Sijaviona, mzee."

"Lakini ni virefu."

"Ni virefu."

Walikuja asubuhi ya siku ya pili, wakati wanawake wakiwasha majiko. Askari wa chifu wanne na mzee wa mtaa na koti lake. Seremala alikuwa anatoka kwenda kazini. Walimwambia afungue. Alisema atafungua, ila wamwachie kwanza dakika moja aingie peke yake. Hilo ndilo lililomwangamiza. Askari mmoja alimsukuma pembeni, akaupiga mlango teke ukaanguka na bawaba zake. Redio ilikuwa inaimba nyimbo za dini.

Mbao walizikuta. Zilikuwa za saiprasi, zimepigwa randa hadi zikawa laini kama sahani, zimeegemezwa ukutani, ndefu mbili, fupi mbili, na moja pana iliyokuwa bado haijakamilika. Na nyuma ya pazia la shuka, kitandani, alikuwa mwanamke. Sijawahi kuona mtu mzima aliyekonda namna ile. Macho yalikuwa makubwa, na mikono ilikuwa juu ya blanketi, blanketi la kiwanda chetu. Alijaribu kujifunika uso akashindwa.

Askari waliokuwa mbele walirudi nyuma. Wakati ule kila mtu aliujua ugonjwa huo kwa kuutazama, na hakuna aliyeutaja kwa jina. Watu wa ploti walikuwa wamesogea hadi mlangoni, sasa wakaanza kurudi nyuma nao. Nilimsikia mmoja akisema, "Na tunatumia choo kimoja!"

Mke wangu aliwapenya wote. Aliingia, akashusha pazia, akasimama mbele yake.

"Ni dada yake," alisema. "Alimchukua kwa sababu kwao walimkataa. Mnataka nini kingine?"

"Na hizi mbao?" askari akauliza.

Seremala alikuwa ameinamisha kichwa. Mke wangu ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini, lakini ploti nzima ilikuwa kimya.

"Ni sanduku lake."

Wale ambao hawajakaa na mafundi wa Gikomba hawatajua uzito wa jambo hilo. Pale jeneza halianzwi mpaka jamaa za marehemu walete kamba ya kipimo. Fundi hapimi mtu aliye hai. Hata kwa mzaha, hata akiombwa. Akifanya hivyo wenzake wataona anamwita mtu afe, na anayepigilia misumari jirani naye atahamisha meza yake. Lakini dada alikuwa ameona jinsi waliokufa kwa ugonjwa ule walivyozikwa, wamekunjwa kwa nailoni kama mzigo wa sokoni, na alimwomba kaka yake amtengenezee sanduku kwa mikono yake, alione. Ndiyo maana hakuthubutu kulifanyia kazi Gikomba. Ndiyo maana hakuweza kusimama mbele ya ubao wangu na kusema anatengeneza nini.

Redio ilikuwa ya kufunika kikohozi mchana, na randa jioni. Wanaume wenye makofia walikuwa wajomba zake, waliokuja kumwombea mgonjwa. Na maneno ya Kiingereza yalikuwa ya daktari mmoja mgeni katika kliniki ya mbali, asiyejua Kiswahili, ambaye seremala alimwendea peke yake kueleza hali ya mgonjwa, maana mkalimani yeyote angeirudisha siri Kayole.

Mzee wa mtaa hakuwa mtu wa kuona aibu haraka. Alisema mbao zitachukuliwa na seremala atakwenda kuhojiwa, kwa kuwa wanaume walikuwa wanakutana pale na hilo bado halijaelezwa. Walipokuwa wanamtoa, alipita mbele yangu akanigusa bega, mbele ya mke wangu, mbele ya wote.

"Wewe ulifanya kazi yako vizuri, mwalimu," alisema. "Mwenye makosa si wewe."

Mama mitumba alikuwa amekuja akisikia kelele. Alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani. "Nilikwambia ununue kofia," alisema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Seremala aliniangalia tu, kama anayetafuta sentensi. Kisha akamgeukia mke wangu. "Mama mwalimu, nakuomba," akamwambia. Mke wangu akaitikia kwa kichwa.

Mwenye nyumba alipopata habari alituma neno kwamba chumba kile kiwe wazi kabla ya jioni. Mke wangu hakuniuliza. Aliwaita wajomba wawili, wakamfunga dada kwa blanketi, wakambeba, wakamleta kwetu, wakamlaza kitandani kwetu. Mimi na binti yetu tulilala chini. Wiki ile nzima niliteka maji na kuwasha jiko na kunyamaza. Nilidhani kazi itasema badala yangu.

"Ungeniuliza," mke wangu aliniambia siku ya kwanza, akiwa anakamua kitambaa.

"Ningeuliza, ungesema?"

"Nisingesema. Nilikuwa nimeapa." Aliendelea kukamua. "Kaka hawezi kumwosha dada yake. Kwao mwiko, kwetu mwiko. Alitafuta mwanamke wa kumsaidia ploti nzima, akanichagua mimi kwa sababu ni wako. Alisema nyumba ya mwalimu haina maneno."

"Nilidhani..."

"Najua ulidhani nini. Niliona ukinitazama nikinawa mikono."

Dada alikufa mchana, kaka akiwa bado mahabusu. Mke wangu alimwosha, akamvika. Mmoja wa wajomba alipeleka kamba ya kipimo Gikomba, na mafundi waliokuwa majirani wa kaka yake kazini walitengeneza sanduku alasiri ile ile, wazi wazi, kila mmoja akitoa mbao. Lilikuwa sanduku zuri. Lakini hakulichagua yeye, na mikono iliyolitengeneza haikuwa ile aliyoiomba. Walimzika bila kaka yake. Seremala alifunguliwa siku iliyofuata, bila kushtakiwa kwa lolote. Zile mbao za saiprasi hazikurudi. Baadaye niliona benchi jipya nje ya ofisi ya chifu, mbao zake laini kama sahani. Sikuuliza zilitoka wapi. Sikutaka kukaa juu yake.

Alikuja na mkokoteni kuchukua vitu vyake, vilivyokuwa kwetu. Vilikuwa vichache. Nilisimama mlangoni kwangu, nimetayarisha maneno tangu alfajiri, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa kila lugha niliyoijua. Alikuja hadi mbele yangu.

"Nipe bisibisi yangu," alisema.

Nikampa. Akaifuta kwa suruali, akaitia mfukoni, akaenda. Kule Gikomba nilimtafuta mara mbili. Meza yake ilikuwa na fundi mwingine, na walionijua waliniambia hawajui alikokwenda. Labda walijua. Siku zile nilianza kujua jinsi inavyokuwa watu wanaponyamaza ukipita.

Darasa lilikufa bila kufungwa na mtu. Jumapili iliyofuata nilifungua chumba cha kanisa, nikaandika tarehe ubaoni, nikasubiri. Hakuna aliyekuja, hata mama mitumba. Leseni mzee wa mtaa hakunitafutia, wala sikumkumbusha.

Mke wangu alisubiri hadi muhula wa shule uishe. Alifunga nguo zake na za mtoto katika gunia moja la mitumba, akaniambia anakwenda kwao kwa muda. Nilimsindikiza hadi kituo cha basi, nikimbebea gunia. Nilimuuliza ni muda gani.

"Sijui," alisema. "Nikiwa na wewe najiona nachunguzwa. Hata sasa unanichunguza."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa natazama uso wake nione kama anadanganya.

Nilimfuata mara tatu. Wazazi wake walinipokea kwa heshima, wakanichinjia kuku, wakaniacha niongee naye uani. Kila mara alinisikiliza hadi mwisho, na kila mara nilirudi Nairobi peke yangu. Baadaye aliolewa na mtu wa kule, fundi wa cherehani, na nasikia mume huyo humwamini. Binti yetu alikulia kwao. Alipoolewa nilialikwa, nikakaa viti vya kati pamoja na wageni, na aliyemsindikiza mbele alikuwa yule fundi wa cherehani.

Mimi bado niko Kayole, chumba kingine, ploti nyingine. Nilichokubali pale kibandani, kabla chai haijapoa, kilinigharimu mke wangu, binti yangu, na rafiki mmoja. Darasa nililokuwa naliokoa lilikufa kabla ya mwezi kuisha.